Marehemu wa Pembe ya Kusini

Brezovets, 3 Machi 1991

Shangazi mpendwa Dochka,

Kwa heshima kubwa, na kwa niaba ya kamati tatu, nakutangazia habari ambayo magazeti ya Sofia yameshindwa kuuona uzito wake: kitasa cha mlango wa choo cha walimu, Chuo cha Uhandisi cha Brezovets, kimetengenezwa. Chuo hiki hiki kilichosanifu madaraja na mabwawa kilikaa majira mazima ya baridi kikitafakari kitasa. Kikao cha mwisho kilihudhuriwa na maprofesa wanne na mchoro wa rangi. Kimefungwa juu chini, kwa hiyo anayetaka kutoka hukiinua badala ya kukishusha, lakini kimefungwa. Mkuu wa Chuo, Profesa Hristozov, alitoka mle jana na uso wa mtu aliyezindua reli.

Baada ya tangazo hilo, salamu. Sisi hatujambo. Zdravka, mke wangu, anakusalimu na anasema nikwambie nimenenepa, nami natii amri. Umeme unakuja kwa zamu na bei zinapanda bila zamu. Humo ndani nimekuwekea uzi wa Machi, mwekundu na mweupe. Uvae mpaka uone korongo wa kwanza. Kama huko Ajentina korongo hawafiki, vaa mpaka uone ndege yeyote mwenye adabu.

Baba yuko imara. Miaka themanini na miwili, na bado anafika chuoni kila alasiri kwa mguu, ati kukagua. Kukagua nini, hakuna anayethubutu kumuuliza profesa mstaafu wa madaraja. Jambo moja tu linatushangaza, nalo nadhani sijawahi kukuandikia: mpira. Mzee huyu haijui timu hata moja ya hapa kwetu, lakini kila Kombe la Dunia yuko upande wa Ajentina. Mwaka jana walipofungwa kwenye fainali kwa penalti, aliirushia televisheni ndala, akaenda kulala bila chakula. Zdravka anasema ni uzee. Mimi nasema ni zile fulana za mistari.

Sasa jambo lenyewe. Mwezi wa kumi chuo kinatimiza miaka sitini tangu jengo la kwanza lisimame, na serikali inataka kutupandisha, tuitwe chuo kikuu kamili. Imeamuliwa kiandikwe kitabu cha historia. Wakatafuta mtu asiye na utafiti wa maana wa kumshughulisha, na kwa kura za wote nikapatikana mimi.

Nimeanza vizuri. Nimeandika jinsi wafanyabiashara wa sufu walivyoanzisha shule ya mafundi kwenye banda nyuma ya kiwanda cha kutia rangi vitambaa, wakiwa na tezo moja, mashine moja ya kuchongea vyuma na walimu wawili wasiosalimiana. Kisha nikafika mwaka 1931, kwenye jengo, na hapo nikakukuta wewe.

Shangazi, wewe unajua ulivyo mzima. Mimi najua, tangu marehemu mama aliponipa anwani yako na kuniapisha nisimwambie Baba. Lakini hapa mjini wewe ni marehemu maarufu kuliko wote. Kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huelezwa siku ya kwanza kwamba mwashi alipima kivuli cha binti Dochka kwa uzi, akauzika uzi kwenye msingi wa pembe ya kusini ili jengo lisianguke, na kwamba binti, kama ilivyo desturi ya waliopimwa, alikufa kabla ya siku arobaini, akawa mzimu wa kulilinda jengo. Kabla ya mtihani wangu wa uimara wa vifaa wanakuwekea pipi pale pembeni. Ikifika jioni pipi hazipo, nao hufurahi kwamba umezikubali. Nadhani ni paka. Nimewafundisha miaka ishirini na mbili, na bado wanamwamini zaidi mtu aliyekufa. Nao wanaofaulu hawanishukuru mimi.

Niandike nini? Nisaidie.

Mpwa wako mtiifu,
Stamen


Berisso, 2 Aprili 1991

Stamen mwanangu,

Uzi umefika, nimeufunga mkononi. Mjukuu wangu amenicheka, nikamwambia anyamaze, bibi yake ni mzimu mwenye cheo.

Mimi sijambo. Magoti yanalia kama bawaba, lakini yananifikisha sokoni. Mlima ulioko hapa ni ule wa nguo za kufua tu; mpaka leo macho yangu yanatafuta milima kila nikifungua dirisha. Wajukuu wako salama. Mkubwa anasomea uhandisi. Nilipomuuliza kwa nini, alisema amepata kwa babu yake. Babu yake, Gencho wangu, Mungu amrehemu, alikuwa mwashi aliyegombana na kila mhandisi aliyewahi kukutana naye.

Nimecheka kuhusu pipi mpaka jirani akagonga ukuta. Za aina gani? Kama ni zile za mnanaa, waambie sizitaki. Nilikuwa napenda za karameli.

Sasa nisikilize. Mwaka huu natimiza miaka themanini kasoro mmoja. Watoto wangu wamechanga, wanataka kuninunulia tiketi ya ndege. Nataka kuja kwenye sherehe hiyo ya mwezi wa kumi. Nataka kuiona pembe yangu, ninywe maji ya bomba la uwanjani, na nimwone kaka yangu.

Lakini siji kama Neyko hataki. Muulize. Mwambie nipo hai, mwambie tangu lini unajua, kisha uniandikie alivyosema, neno kwa neno, usiyapambe. Kwenye kitabu chako andika upendavyo. Mimi swali langu ni hilo moja.

Ukiniuliza niliondokaje, sikujibu. Kuna ahadi nilimpa Neyko mwaka ule, na sikuitimiza. Haiandikiki kwenye karatasi.

Shangazi yako,
Dochka


Brezovets, 19 Mei 1991

Shangazi mpendwa,

Habari za kuja kwako zimetufurahisha sana. Zdravka ameshaanza kuhesabu mayai ya banitsa, pai yetu ya jibini. Miti ya plamu imechanua vizuri mwaka huu, na Mungu akiizuia mvua ya mawe tutakuwa na brandi ya kumwogeshea farasi. Binti yetu Elka amepata mchumba, kijana mpole, anayesema anapenda vichekesho vyangu. Kwa hiyo ama ni mwongo ama ni mgonjwa.

Kitabu kinakwenda. Nimemaliza mwaka 1948, serikali ilipoichukua shule, ikaitoa picha ya wafanyabiashara wa sufu na kutundika nyingine. Halafu 1963, tulipopandishwa kuwa taasisi. Chuo kimebadilishwa jina mara nne, Shangazi, na kila mara kibao kipya kikaletwa, ila misumari ni ile ile ya mwanzo. Hiyo sentensi nilijivunia. Hristozov ameikata, ati haina heshima.

Sasa kuna hili la kukuchekesha. Serikali imetupa pesa za kujenga maabara mpya, ubavuni kabisa mwa pembe yako. Shimo la msingi limechimbwa, na waashi wanazunguka wakiwa na kamba zao. Basi ungewaona maprofesa! Ni watu waliosoma Moscow na Dresden, wanaoweza kukueleza nyota inazimikaje. Jua likiwaka, hakuna hata mmoja anayepita upande ule. Hristozov huzunguka jengo zima kufika ofisini mwake. Nilimuuliza, akasema daktari amemwagiza atembee kwa ajili ya moyo. Jiwe la msingi tuliliweka siku ya mawingu mazito. Sababu rasmi ni kwamba zege hukauka vizuri zaidi kukiwa na ubaridi. Mimi mwenyewe? Mimi nilipita siku moja saa sita mchana kuwaonyesha wanafunzi kuwa ni upuuzi. Nilipita mbio kidogo, kwa sababu nilikuwa nimechelewa.

Baba hajambo, ana afya njema, anakula vizuri.

Mpwa wako,
Stamen


Berisso, 30 Juni 1991

Stamen,

Hapa ni baridi, nakuandikia nikiwa nimejifunika blanketi mbili na paka. Wote wazima. Mpongeze Elka.

Umenijibu kuhusu mayai, plamu, misumari na moyo wa Hristozov. Kuhusu nilichokuuliza umeniambia "anakula vizuri." Mwanangu, nimewalea wavulana watatu. Namjua mtoto anayezungumzia hali ya hewa kwa sababu amevunja dirisha.

Haya, nikupe kitu kidogo, labda utapata ujasiri. Kivuli nilipimwa kweli. Neyko alikuwa mwanafunzi wa mwanzo kabisa wa shule ile, na wanafunzi walibeba mawe ya jengo lao wenyewe, kwa hiyo kila mchana nilimpelekea chakula. Waashi walikuwa wa huko milimani, nao walikuwa na lugha yao ya siri ya kuwasengenyea matajiri. Mmoja alikuwa na masikio makubwa. Siku moja ya Mei nimesimama na sufuria ya maharage, nikaona uzi umelazwa chini, kutoka miguuni mwangu hadi mwisho wa kivuli changu. Nikapiga ukelele: "We! Unanizika?" Akasema, "Hapana, napima kama utaenea nyumbani kwetu." Nikampiga kwa kijiko. Mji wote uliona. Huo ndio ulikuwa uchumba, hapakuwa na mwingine.

Yaliyofuata siandiki.

Nasubiri. Kama hataki kuniona, sema hataki. Nimeshazikwa mara moja na sikuumia.

Dochka


Brezovets, 11 Agosti 1991

Shangazi,

Barua yako ilichukua mwezi mzima kufika, na mimi nikachukua wiki moja zaidi kuwa mwanamume. Nisamehe salamu fupi. Wote wazima, joto kali, plamu tumeshavuna.

Nilimuuliza. Nakuandikia neno kwa neno kama ulivyotaka.

Nilimkuta Baba kwenye chumba kidogo cha nyuma, kile ambacho hatukitumii, amepiga magoti mbele ya kitanda cha zamani cha chuma.

Nikasema, "Baba, hebu tuseme mtu aliyedhaniwa amekufa..."

"Nipe bisibisi."

Nikampa. "Tuseme Shangazi Dochka..."

"Dada yangu alikufa mwaka thelathini na moja. Hiyo siyo. Ile kubwa."

Nikampa ile kubwa. "Lakini kama asingekuwa amekufa?"

"Stamen, wewe unafundisha nini pale chuoni?"

"Uimara wa vifaa, Baba. Unajua."

"Na hii chaga inabeba kilo ngapi?"

Nikasema sijui, labda mia moja.

"Labda! Mhandisi anasema labda! Ndiyo maana madaraja yenu yana mabango ya 'punguza mwendo.' Shika huku."

Nikashika. Nikamuuliza kitanda ni cha nani, akasema cha wageni. Nikauliza wageni gani, akasema nauliza kama polisi. Kisha akaniagiza rangi ya ukuta, ya bluu hafifu, na si nyingine. Nilipotoka alisema bila kugeuka, "Alikufa. Kila mtu anajua alikufa. Kazikwa vizuri tu."

Basi, Shangazi. Nimelala na maneno hayo siku kadhaa. Nadhani amefunga mlango, tena kwa kufuli. Ni mzee, ni mkaidi, na sitaki usafiri bahari nzima uje uambiwe usoni kwamba wewe ni marehemu. Inaniuma kuandika hivi. Labda usije. Labda mwakani, nikishamlainisha.

Sura ya 1931 nimeiacha wazi. Hristozov anadai nimwandikie "binti aliyejitolea kivuli chake kwa ajili ya sayansi." Sayansi, Shangazi! Nimemwambia wino umekwisha.

Mpwa wako mwenye huzuni,
Stamen


Berisso, 5 Septemba 1991

Mwanangu Stamen,

Una shahada ngapi? Zihesabu, halafu uisome tena barua yako mwenyewe. Chumba changu cha usichana kilikuwa cha bluu hafifu.

Tiketi nimenunua. Nitafika tarehe 13 Oktoba, siku moja baada ya sherehe, maana nafasi nyingine hazikuwepo. Usimwambie mtu. Marehemu haombi ruhusa.

Nunua karameli.

Dochka


Brezovets, 15 Desemba 1991

Shangazi mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta umeshapumzika na magoti yamekusamehe. Sisi wazima. Theluji imefika madirishani, Elka ataolewa baada ya Pasaka, na mchumba ameanza kuvichoka vichekesho vyangu, kwa hiyo sasa naamini ni mtu wa kweli. Kitasa cha choo kimetoka. Kamati imeundwa.

Kwenye uwanja wa ndege uliniomba niandike yaliyotokea Oktoba, kwa ajili ya wajukuu zako, kwa sababu wewe ulikuwa unalia na kucheka huoni kitu, na Baba ana toleo lake lenye tarumbeta. Haya basi, kweli tupu, pamoja na mahali nilipoonekana mjinga, napo ni pengi.

Ulisema utafika tarehe 13. Ulifika tarehe 12, siku yenyewe, kwa sababu kuna mtu aliacha nafasi Buenos Aires, na hukutuma simu ya maandishi. Ulichukua teksi stesheni, na dereva alipokuuliza unakwenda wapi ukasema, "Kaburini kwangu, chuo cha uhandisi." Amelisimulia hilo mji mzima.

Saa tano na kitu mimi nilikuwa dirishani ghorofa ya kwanza, nafunga tai. Uwanjani viti vilikuwa vimepangwa, bendi inajaribu vifaa, na pipi zilikuwa lundo kwenye pembe ya kusini, kwa kuwa mtihani wangu ulikuwa Jumatatu. Nikamwona Baba. Alikuwa amesimama peke yake pale pembeni na suti yake nyeusi, ameupa uwanja mgongo, na mkono wake ulikuwa unakwenda mdomoni. Nikatazama vizuri. Baba yangu, profesa mstaafu wa madaraja, aliyewahi kumfukuza mwanafunzi darasani kwa kuvaa hirizi, alikuwa anakula pipi za mzimu. Paka niliyekuandikia ni yeye. Kumbe ndiko kule kukagua kwake kwa kila alasiri.

Kisha nikaona kikongwe kidogo chenye koti la kahawia na mkoba mkubwa kinakuja taratibu nyuma yake. Nilikutambua kwa picha. Nilitaka kukimbia chini, nikabaki nimeshika tai. Dirisha lilikuwa wazi, nikasikia yote.

Ulisema, "Hizo ni zangu."

Baba hakugeuka. Alimaliza kutafuna kwanza. "Umechelewa," akasema. "Nimekula nusu."

"Za mnanaa kula zote. Karameli niachie."

"Karameli ndizo nilizoanza nazo."

Hapo ndipo alipogeuka. Toleo lake linasema mlikumbatiana. Hapana. Mlianza kugombana. Alisema, "Uliniahidi mzee wetu akifa utarudi. Mzee alikufa thelathini na nane." Ukasema, "Nilikuwa na watoto watatu na sina nauli ya kufika hata bandarini, kisha ikaja vita, kisha wakafunga mipaka. Nikaona haya." Akasema, "Ungeandika." Ukasema, "Nani aliniambia marehemu hawaandiki?" Akasema, "Kwangu! Hukuniandikia mimi! Kwa mke wangu uliandika, kwa huyu mpumbavu dirishani unaandika!"

Wote wawili mkanitazama. Nikapunga mkono. Sijui kwa nini nilipunga mkono.

Ukamuuliza, "Ulijuaje?" Naye akajibu, "Unadhani nani katika nyumba yetu anakwenda posta?"

Ndipo mkakumbatiana, au tuseme ulimwegemea, naye akakupigapiga mgongoni kama mtu anayekagua zege lililokauka.

Sherehe ikaanza. Baba alikukalisha mstari wa mbele, kwenye kiti cha naibu waziri, ambaye alitafutiwa stuli. Hristozov akapanda jukwaani, akasema mambo ya banda la rangi na tezo moja, akafika 1931, akatoa kitambaa, na kwa sauti ya kutetemeka akamzungumzia binti aliyejitolea kivuli chake kwa ajili ya sayansi, apumzike kwa amani. Wewe ulikuwa unamenya karameli, na karatasi ilikuwa inapiga kelele.

Baba akasimama. Alisema, "Profesa, kaa chini. Amekaa pale, na hapumziki kwa amani, anakula."

Aliyosema baadaye wajukuu zako wanapaswa kuyajua, kwa hiyo nayaandika bila utani. Alisema kwamba usiku ule dada yake alipoondoka na mwashi, baba yao aliitoa bunduki ukutani na kumwekea farasi tandiko. Angewafikia kabla ya bonde. "Nilikuwa na miaka ishirini na miwili," alisema, "mwanafunzi wa kwanza wa hesabu katika shule ya kwanza ya uhandisi ya mji huu. Nilihitaji kitu ambacho risasi haikipati. Nikamwambia baba: usijisumbue, mwashi amepima kivuli chake na kukizika kwenye msingi, mji wote uliona, siku arobaini nyingi. Unataka akafie mikononi mwako? Baba akaitundika bunduki. Wiki ya sita nikachemsha ngano ya matanga, nikaigawa kwa watu pale pembeni, na watu wakala. Mzimu wenu nimeusanifu mimi. Katika kazi zangu zote ndio pekee ambao haujahitaji ukarabati."

Kisha mwanafunzi mmoja nyuma akauliza, kwa uchungu wa kweli, "Sasa Jumatatu tutampa nani pipi?" Ukainua mkoba wako, ukaufungua mdomo wazi, ukawaonyesha. Nadhani ulirudi Ajentina na kilo nne. Jumatatu walifaulu wote isipokuwa wawili, na hawakunishukuru tena.

Sasa lile la uzi. Ulipoutoa mkobani na kusema Gencho hakuuzika kamwe, aliufungia viatu vyake hadi bandarini, maprofesa walisahau uzee na vyeo. Jua lilikuwa limetoka, ilikuwa saa sita. Wakakusimamisha pale pale, wakaulaza uzi kutoka miguuni mwako. Haukufika hata katikati ya kivuli. Ulipiga kelele, "Nimerefuka!" Hristozov akaanza kueleza kwamba Mei jua liko juu na Oktoba liko chini, akaomba chaki. Hakuna aliyemsikiliza. Mwanamke wa miaka themanini kasoro mmoja ana kivuli kirefu kuliko alivyokuwa msichana. Wanafunzi walipiga makofi mpaka bendi ikadhani imeitwa.

Kisha Hristozov, kwa nia njema kabisa, akasema, "Ni kumbukumbu ya thamani. Tuuweke kwenye msingi wa maabara mpya, bado hatujafunika."

Hili ndilo Baba analiruka katika toleo lake. Nilikuwa karibu naye. Aliupokonya uzi kwa kasi ambayo sijamwona nayo tangu nikiwa mtoto, akautia mfuko wa ndani wa koti, akafunga vifungo vyote. Akamwambia Hristozov, "Thubutu."

Na hapo ndipo ulipoanza usumbufu wa tiketi yako. Ulikuja kwa wiki mbili. Zilipokwisha, Baba alisema hali ya hewa si nzuri kwa ndege. Ilikuwa nzuri. Halafu akasema marubani wamegoma. Hawakuwa wamegoma. Ulilala chumba cha bluu, mkagombana kila siku kuhusu chumvi kwenye maharage, na kila alfajiri, kabla hujaamka, nilimwona akisimama nje ya mlango wako na soksi tu, ameelekeza sikio, anasikiliza kama unapumua. Nilidhani ni mapenzi tu ya kaka. Zdravka ndiye aliyenivuta jikoni akaninong'oneza, "Wewe mhandisi, hesabu! Walimpima tarehe kumi na mbili, mbele ya msingi ulio wazi."

Sikumwambia Baba kwamba nimejua. Nami nikaanza kuamka alfajiri kidogo, kwa sababu ya mgongo.

Siku arobaini zilipita. Asubuhi iliyofuata alikuja mezani amenyoa ndevu, akatazama dirishani ambako theluji ya kwanza ilikuwa inaanguka kwa fujo, huoni hata uzio, akasema, "Naam, leo anga ni safi. Dochka, sasa unaweza kusafiri."

Sura ya 1931 nimeiandika kama ilivyokuwa. Hristozov ameipitisha, kwa sharti moja, kwamba sehemu ya yeye kuzunguka jengo niitoe. Nimeitoa. Bado anazunguka.

Ndani ya bahasha hii utakuta barua nyingine, imefungwa kwa gundi nyingi. Ni ya Baba. Amesema ni ya kwanza, kwa hiyo usitegemee mwandiko mzuri.

Mpwa wako,
Stamen